Louis Leakey wa Kabete: Mtaalamu wa Mifupa Aliyeijua Sanaa ya Kusimulia

Tarehe 17 Julai mwaka wa 1959, katika bonde la Olduvai kaskazini mwa Tanganyika, Mary Leakey aliona kipande cha fuvu kikichungulia udongoni. Mumewe, Louis, alikuwa amelala kambini kwa homa. Fuvu hilo lilipokwisha kuunganishwa kipande kwa kipande, Louis alilipa jina la Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinji. Zinji, kama tujuavyo sisi tunaosoma historia ya Kiswahili, ni jina walilolitumia wanajiografia wa Kiarabu wa kale kuutaja mwambao huu wetu wa Afrika Mashariki. Basi kiumbe aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.75 iliyopita, mbali kabisa na bahari, akabatizwa jina la pwani. Mimi nimezaliwa na kulelewa Msambweni, katika huo huo mwambao wa Zinji, na sikuwahi kuisikia habari hiyo hadi nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, nikaikuta kwa bahati katika kitabu cha Kiingereza.

Wenzangu katika chama wamenihoji kwa nini katika jarida la Kiswahili, badala ya kuandika wasifu wa mshairi au mwanariwaya, nimemchagua mtu aliyetumia umri wake akifukua mifupa. Sababu yangu ilianzia Msambweni. Katika likizo moja ndefu, wanafunzi wa sayansi wa chuo kimoja walikuja kwetu kuwaelimisha wananchi kuhusu kasa wanaotaga mayai katika fuo zetu na mbega wanaoishi katika mabaki ya misitu ya Diani. Walikuja na picha nzuri na moyo safi, lakini maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Mzee mmoja mvuvi akauliza kwamba, iwapo kasa watakwisha baharini, samaki watapata hasara gani. Lilikuwa swali la kisayansi hasa, na mwanafunzi aliyeulizwa alilijua jibu lake, ila alilijua kwa Kiingereza tu. Nikaombwa nitafsiri. Mimi, msomi wa shahada ya uzamili ya Kiswahili, nikababaika nikitafuta namna ya kueleza nyasi zinazoota chini ya bahari, jinsi kasa anavyozila na kuzifanya zichipue upya, na jinsi vitoto vya samaki vinavyojificha humo. Mzee alinisaidia. Nyasi hizo alizijua kuliko sote. Kilichokuwa kigeni kwake ni chati zetu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta mtaalamu wa eneo letu aliyeweza kuivusha sayansi kutoka chuoni hadi kwa watu, nami kila nikitafuta narudishwa kwa Louis Leakey, kwa mazuri yake na kwa mabaya yake pia.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake, Harry na Mary, walikuwa wamisionari wa Kianglikana. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akacheza michezo yao, akajifunza kuwinda na kunyemelea wanyama pamoja nao, akaingizwa katika rika lao lililoitwa Mukanda. Alipewa jina la Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga. Alipobalehe alijijengea kibanda chake mwenyewe kama vijana wenzake walivyofanya. Baadaye alipenda kusema kuwa yeye alikuwa Mwafrika mweupe, na hata kitabu chake cha kwanza cha maisha yake alikiita hivyo kwa Kiingereza. Kama dai hilo lilikuwa la haki au la, tutaliona mbele.

Mwalimu wake wa kwanza wa sayansi hakuwa wa darasani. Mwaka wa 1914 Arthur Loveridge alifika Nairobi kuwa mtunzaji wa jumba dogo la makumbusho, na kijana Louis akawa akimwendea, akijifunza majina ya ndege na namna ya kuhifadhi ngozi zao. Wakati huo huo alianza kuokota vipande vya mawe meusi yenye makali vilivyotapakaa ardhini baada ya mvua, akashikilia kuwa ni zana za watu wa kale. Loveridge aliviangalia akamwambia kwamba baadhi yake zilikuwa zana kweli. Huenda asingekuwapo mtu mzima wa kumsikiliza mtoto huyo kwa makini, tusingekuwa na la kusimulia hapa.

Mwaka wa 1922 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, na hapa ndipo penye kisa kinachotuhusu sana sisi wanalugha. Kanuni za chuo zilimtaka mwanafunzi wa fani aliyoichagua afanye mtihani wa lugha mbili za kisasa. Leakey alichagua Kifaransa, kisha akadai kuwa lugha yake ya pili iwe Kikuyu. Wakuu wa chuo walitaka uthibitisho kwamba anaijua. Akawasilisha cheti kilichotiwa alama ya kidole gumba na chifu wa Kikuyu. Kanuni hazikusema kuwa lugha lazima iwe ya Ulaya, kwa hiyo hawakuwa na njia ya kumkatalia. Taabu ikawa kumpata wa kumfundisha. Aliyepangiwa kazi hiyo alikuwa mmisionari mstaafu ambaye ujuzi wake ulikuwa zaidi wa Kiganda, basi ikawa mwanafunzi ndiye anayemfundisha mwalimu. Watu wengi husimulia kisa hiki kama mzaha. Mimi nakiona kama hatua ndogo ya lugha ya Kiafrika kuingia katika ukumbi wa mtihani wa Cambridge, miaka mingi kabla ya vyuo vyetu wenyewe kuwa na idara za lugha hizo.

Katika mchezo wa raga alipigwa kichwani vibaya, akaanza kuumwa kichwa mfululizo, na daktari akamwamuru apumzike masomo. Mapumziko yake yalikuwa ya ajabu. Mwaka wa 1924 alijiunga na msafara wa makumbusho ya Uingereza kwenda Tendaguru, karibu na Lindi, kufukua mifupa ya dinosaria. Mahali hapo ndipo Wajerumani walipokuwa wamechimba kati ya 1909 na 1913 na kuchukua mifupa ya mjusi mkubwa aliyesimamishwa Berlin. Kiongozi wa msafara, William Cutler, alikuwa na ujuzi wa mifupa lakini hakuijua Afrika. Leakey aliijua Afrika lakini hakuwa na ujuzi wa mifupa. Wakafundishana. Cutler alifariki kwa malaria huko Lindi mwaka wa 1925. Leakey alikuwa amekwisha kurudi Uingereza, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kutosha, akaanza kutoa mihadhara ya hadhara kuhusu dinosaria wa Tendaguru ili apate karo. Watu walilipa kiingilio kumsikiliza. Akagundua kuwa alikuwa na kipaji cha kuushika ukumbi, na tangu hapo hakukiacha tena.

Habari za uchimbaji wake katika miaka iliyofuata zimeandikwa kwingi, nami nitazipita upesi. Alihitimu mwaka wa 1926, akaongoza misafara kadhaa nchini Kenya, akafika Olduvai mwaka wa 1931 pamoja na Mjerumani Hans Reck. Mwaka wa 1935 sifa yake ilitiwa doa. Profesa wa jiolojia alikuja kutoka Uingereza kuhakikisha mahali palipopatikana mifupa ya Kanam, magharibi mwa Kenya, na Leakey akashindwa kumwonyesha mahali penyewe kwa sababu hakuwa ameweka alama za kudumu. Katika miaka hiyo hiyo alimwacha mkewe Frida, akamwoa Mary Nicol mwaka wa 1936. Mlango wa kazi ya kudumu Cambridge ukafungwa. Laiti usingefungwa, huenda angezeeka akiwa mhadhiri wa Uingereza na Nairobi ikamkosa.

Mwaka wa 1941 alikabidhiwa makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi, kwanza bila mshahara, na kuanzia 1945 akawa mtunzaji anayelipwa. Hii ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoiona kuwa ya maana kuliko fuvu lolote. Katika mji ambao rangi ya ngozi iliamua mtu aketi wapi, ale wapi na atibiwe wapi, Leakey alisisitiza kwamba makumbusho yawe wazi kwa Waafrika na Waasia kama yalivyokuwa kwa Wazungu. Tena hakuridhika na kabati za vioo. Huko Olorgesailie, ambako yeye na Mary walikuta maelfu ya mashoka ya mawe, waliyaacha mashoka mengi palepale yalipolala, na mwaka wa 1947 mahali hapo pakafunguliwa kuwa makumbusho ya uwandani, mtu aende akaone kitu mahali kilipoachwa na mwenyewe. Mwaka huo huo aliandaa Nairobi kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kale, wataalamu wakaja Afrika badala ya Afrika kupelekwa kwao katika masanduku.

Mbinu zake za kufundisha zilikuwa za mtambaji wa hadithi. Alijifundisha kuchonga zana za mawe, na mbele ya wageni angeweza kuchukua jiwe, akalichonga kwa vipigo vichache, kisha akamchuna mnyama kwa zana hiyo hiyo huku akieleza kila hatua. Alijua pia michezo ya uzi wa vidoleni, ile ambayo watoto wetu huicheza kwa kufuma maumbo kati ya mikono miwili. Aliipata kwa profesa wake Haddon huko Cambridge, aliyemfunza kwamba mgeni asiyejua lugha ya kijiji anaweza kufungua mazungumzo kwa kipande cha uzi. Leakey aliitumia kokote alikokwenda, na alipofika Angola alikusanya mitindo ya huko na kuiandikia kitabu. Na fuvu la Zinji lilipoonekana mwaka wa 1959, yeye na Mary walizuia hamu yao, wakangoja mpiga picha za filamu afike kabla ya kulifukua, ili wasiokuwapo nao waone. Ni nani kati ya watafiti wetu angekuwa na subira hiyo?

Kutoka hapo jina lake lilivuka bahari. Shirika la National Geographic la Marekani lilianza kumpa fedha, na katika miaka ya 1960 alizunguka vyuo vikuu vya Marekani mwaka hata mwaka. Kumbi zilijaa hadi wanafunzi wakaketi ngazini. Mwili wake ulikuwa umechoka, nyonga zikimuuma, meno yakimpungua, lakini akisimama jukwaani uchungu wote ulionekana kumtoka. Ni katika mihadhara hiyo na katika mikutano ya ana kwa ana ndipo alipowapata wale waliokuja kuifanya dunia ijali jamii ya sokwe. Jane Goodall alikuwa amefika Kenya mwaka wa 1957 bila shahada yoyote, akaajiriwa na Leakey kuwa katibu wake, na tarehe 14 Julai 1960 akatia mguu Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Dian Fossey alikutana naye Olduvai mwaka wa 1963, kisha akamwendea tena alipokuwa akihutubia mjini Louisville mwaka wa 1966. Mwaka uliofuata alikuwa katika milima ya Virunga pamoja na gorila. Biruté Galdikas alimsikiliza chuoni Los Angeles mwaka wa 1969, akamfuata baada ya mhadhara, na mwaka wa 1971 akaenda Borneo kwa orangutani. Kisa kimoja kinaonyesha tabia ya mzee huyu: alimwambia Fossey kwamba kabla ya kwenda porini sharti akatwe kidole tumbo. Fossey akapasuliwa, ndipo ikafika barua kumweleza kwamba hapakuwa na haja. Alikuwa akimpima nia tu. Mzaha wa namna hiyo siwezi kuusifu.

Ni lazima tuseme kweli kwamba Leakey hakuwatuma wanawake hao kwa ajili ya uhifadhi. Alitaka kujua mababu wa binadamu waliishi vipi, na akaona kuwa sokwe aliye hai huenda akajibu maswali ambayo mfupa haujibu. Uhifadhi ulikuja baadaye, watafiti walipoona kwamba viumbe wanaowasoma wanapungua mbele ya macho yao. Gombe ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1968. Fossey aliuawa mwaka wa 1985 akipigania gorila. Hata hivyo Leakey mwenyewe alikuwa ameiona hatari. Mwaka wa 1958 alianzisha kituo cha kutafiti kima na mbega huko Tigoni, karibu na Limuru, ambacho ndicho chanzo cha taasisi ya utafiti wa nyani iliyoko Karen sasa, na mwaka wa 1969 akatoa kitabu kuhusu wanyama wa Afrika Mashariki kwa ajili ya msomaji wa kawaida. Mwanawe Richard, aliyefariki Januari 2022, ndiye aliyeongoza idara ya wanyamapori Kenya iliposhuhudia Rais Moi akichoma pembe za ndovu mwaka wa 1989.

Sasa nirudi kwenye lugha, kwani hapo ndipo sifa zake zinapopata giza. Katika miaka ya 1937 hadi 1939 Leakey aliketi na wazee wa Kikuyu akiandika mila zao kwa undani usio na kifani. Mwaka wa 1952, vita vya Mau Mau vilipoanza, ujuzi huo huo aliuweka mikononi mwa serikali ya kikoloni. Aliandika vitabu vya kuwaeleza walowezi Mau Mau ni nini, akashauri juu ya namna ya kuwatakasa watu kiapo, na Jomo Kenyatta na wenzake waliposhtakiwa Kapenguria, Leakey ndiye aliyekuwa mkalimani mahakamani. Mawakili wa utetezi walimlaumu kwa upendeleo, naye akajiondoa. Fikiria hali hiyo, msomaji: mwana wa kipanga wa rika la Mukanda amesimama mahakamani, na lugha aliyonyonya utotoni inatumika kuwafunga wenye lugha. Mwaka wa 1954 binamu yake Gray aliuawa na wapiganaji. Sina haki ya kumhukumu mtu aliyepatwa na msiba, lakini siwezi kukubaliana na waandishi wanaouruka ukurasa huu ili wafike Olduvai upesi.

Vilevile kuna swali la nani alipewa jukwaa. Heselon Mukiri alifanya kazi na Leakey kwa miongo mingi, na jicho lake lilitambua visukuku ambavyo wenye shahada walivikanyaga. Kamoya Kimeu alianza kazi Olduvai mwaka wa 1960, na baadaye akawa mmoja wa wavumbuzi wakubwa wa visukuku duniani. Watu hao walikuwa na ujuzi, walikuwa na lugha, na naamini walikuwa na hadithi. Kumbi za California zilimsikia Leakey. Vijiji vya Kenya havikupata msimu wa mihadhara ya Mukiri kwa Kikuyu wala wa Kimeu kwa Kikamba au Kiswahili. Mtaalamu aliyeilazimisha Cambridge itahini Kikuyu angeweza kuandaa hayo kwa urahisi kuliko mtu yeyote wa zama zake, na kwa maoni yangu hilo ndilo deni lake kubwa.

Lakini makumbusho aliyoyafungua milango hayakufa naye. Mwaka wa 1964 Coryndon ikaitwa Makumbusho ya Taifa, na ni taasisi hiyo iliyosimamia kutangazwa kwa makaya ya Wamijikenda kuwa turathi za taifa kuanzia 1992. Mwaka wa 2008 UNESCO ikayaingiza makaya kadhaa, Kaya Kinondo ya kwetu Kwale ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Anayeingia Kaya Kinondo leo hufungwa kitambaa cheusi, na anayemwongoza ni mtu wa hapo hapo, anayeeleza mti kwa jina lake, dawa yake na mwiko wake. Kilomita chache kutoka hapo, mbega wa Diani huvuka barabara kwa madaraja ya kamba yaliyotundikwa juu na shirika linalowahifadhi tangu 1997, ili wasigongwe na magari.

Leakey alipata mshtuko wa moyo mwaka wa 1970, na mwaka uliofuata akashambuliwa na nyuki mamia kwa mamia, asipone kabisa. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972 akiwa katika safari nyingine ya mihadhara na kuchangisha fedha. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake. Jane Goodall naye alifariki tarehe hiyo hiyo, 1 Oktoba, mwaka wa 2025, akiwa na umri wa miaka 91, naye pia akiwa safarini kuhutubia. Yale maandishi ya mila za Wakikuyu yalikaa bila kuchapishwa kwa kuwa Leakey alikataa yapunguzwe. Yalitoka mwaka wa 1977, majuzuu matatu mazito, kwa Kiingereza. Wengi wa wazee walioyasimulia walikuwa wamekwisha kufa.

Niliporudi Msambweni mwezi wa Disemba, nilimtafuta yule mzee wa kasa nikamsimulia habari za mtu wa Zinji, safari hii nikiwa nimejiandaa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza huku akishona wavu. Akataka kujua kama mtu huyo, maadamu ameitwa kwa jina la pwani, alikula samaki. Nikamweleza kuwa meno yake makubwa na chembechembe zilizochunguzwa humo zinaonyesha kwamba chakula chake kikuu kilikuwa nyasi na mimea migumu ya majini. Mzee akacheka, akasema kuwa basi huyo ni jamaa ya kasa, akaendelea na wavu wake.